Turubai Nililolifua Jumamosi

Kabla sijamwona, nilimsikia. Ulikuwa mlio wa maharage yanayochambuliwa kwenye ungo, mlio niliokulia nao Mbulumbulu: mkono unazungusha, punje zinakimbizana, kimya kidogo wakati jicho linatafuta lililooza, kisha zinakimbizana tena. Lakini mlio huu ulitoka ndani ya chumba cha fizikia, shuleni kwetu Karatu, saa nane mchana, na mimi nilikuwa nimetumwa kufuata chaki. Nilisimama kwenye korido nikijiuliza ni nani anayechambua maharage chumba cha fizikia.

Mlango wa chumba kile ulikuwa umevimba kwa mvua za masika na haukunywea tena. Kuufungua ilibidi uusukume kwa bega, nao ukakwaruza saruji kwa kelele iliyofika mpaka jikoni. Niliusukuma. Msichana aliyekuwa ndani hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni la kufulia, na ndani ya beseni hamkuwa na maharage. Mlikuwa na vitofali vya plastiki, mamia, vyekundu na vya manjano na vya kijivu, vikubwa kama kiberiti na vidogo kama punje ya mahindi, naye alikuwa akivitenga kwa ukubwa kwenye makopo ya maziwa ya unga.

"Funga mlango," akasema. "Vumbi linaingia."

Nikaufunga, nikiwa upande wa ndani. Chaki sikupeleka siku ile.

Alikuwa anatoka juu, Ngorongoro, ambako watu wake wanafuga, na pale Karatu aliishi kwa kaka yake aliyekuwa dereva wa watalii. Tulikuwa kidato kimoja, mikondo tofauti, na mpaka siku ile sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya shikamoo kwa walimu. Sanduku la vitofali liliachwa shuleni na watalii fulani waliopita. Mlikuwa na magurudumu, mota tatu, nyaya, na tofali moja kubwa la kijivu lenye kioo kidogo na vitufe, ambalo mwalimu wa fizikia aliliita ubongo. Unaliunganisha na kompyuta, unaliandikia amri, nalo linaziweka kichwani. Mlikuwa pia na kipande kidogo ambacho sisi tulikiita jicho. Kilimulika sakafu na kupima mwanga uliorudi, kisha kikaandika namba kwenye kioo: sifuri kwa giza tupu, mia kwa weupe mtupu.

Mwanzoni tulikuwa wanafunzi wengi. Sanduku lilikuwa moja na mikono ni mingi, kwa hiyo watu wakachoka kungoja zamu, mtihani wa kidato cha nne ukakaribia, wakapungua. Mwisho tukabaki wawili. Yeye alijenga na kuandika amri. Mimi niliandika kwenye daftari kila alichopima, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na niliwaeleza watu waliokuja kuchungulia. Mwalimu alitupa majina ya utani, yeye akawa Fundi na mimi Mtangazaji, na tuliitana hivyo mpaka uwanjani.

Roboti yetu ilikuwa na magurudumu mawili mbele na kigololi nyuma, na kazi yake ilikuwa kufuata mstari mweusi uliochorwa kwenye turubai. Siku ya kwanza ilipotembea nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Fundi, huyu anatoka kilabuni."

"Mwache. Ndama amezaliwa leo, unataka akimbie leo?"

Basi tukamwita Ndama.

Mstari ulikuwa wazo lake. Aliuchora kwa rangi ya mafuta, ukipinda kama ile njia inayopanda kutoka geti la hifadhi hadi ukingo wa kreta. Alinieleza huku akifuta vidole kwa mafuta ya taa. "Kule kwetu ukungu ukishuka asubuhi, huoni hata mkono wako. Ng'ombe naye haoni. Lakini anafika, kwa sababu anaijua njia kwa kwato. Nataka huyu afike hivyohivyo. Asione mbali. Aone hapa tu, chini ya pua."

Maneno hayo niliyaandika kama alivyoyasema. Nikiri sasa kwamba tayari nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyoyasema mimi.

Kitabu cha maelekezo kilifundisha njia rahisi: jicho likiona giza, pinda huku, likiona mwanga, pinda kule. Ndiyo iliyomfanya Ndama ayumbe. Fundi akaiacha. Akaandika amri kwamba mwanga ukizidi kidogo, Ndama akate kona kidogo. Ukizidi sana, akate sana. Kwa hilo ilimbidi ajue kwa uhakika mwanga wa turubai letu, na turubai letu halikuwa jeupe. Lilikuwa limetoka kwenye hema la kambi ya watalii, na wakati huo lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dirisha moja la chumba halikuwa na kioo, barabara ilikuwa karibu, na vumbi jekundu la Karatu halifutiki, linahamishwa tu. Lilikuwa limeingia ndani ya nyuzi, limetulia.

Alipima sehemu kumi na mbili, akinitajia, nami nikiandika. Mstari, nane. Turubai, thelathini na mbili. Katikati ya hizo mbili, ishirini. Ile ishirini niliipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Mwendo wote wa Ndama ulisimama juu ya namba hiyo, na siku alipoiingiza, Ndama alipanda njia nzima ya kreta bila kutikisika, akageuka juu, akashuka. Fundi hakupiga kelele. Alilala chali kwenye saruji akatazama dari.

"Tena," akasema.

Kisha mwalimu akaja na habari ya wageni. Walikuwa mzee mmoja na mkewe, kutoka ng'ambo, waliokuwa wakisomesha wanafunzi. Walikuwa na nafasi moja kwa shule yetu: kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni Arusha, yenye karakana na mashine za kweli. Wangekuja Jumatatu kumtazama Ndama, na mmoja wetu angechaguliwa.

Kila mtu alijua ni nani. Hata mimi nilijua, na naweza kuapa kwamba nilitaka iwe hivyo. Mama yangu alishasema kwamba nikifaulu nitaendelea na shule, ng'ano ikubali ikatae. Kwa Fundi mambo yalikuwa mengine. Kaka yake alikuwa anahamishiwa kituo cha kusini, na chumba walichopanga kingerudi kwa mwenye nyumba. Ijumaa ile alipanda nyumbani kuzungumza na baba yake. Mapema mzee alikuwa ametuma neno kwa simu ya kaka yake, naye Fundi aliniambia kama alivyolisikia: "Wakikuchagua, nenda. Wasipokuchagua, rudi, mama yako amechoka peke yake."

"Watakuchagua," nikamwambia kwenye kituo cha magari.

"Ndama ndiye atakayechaguliwa," akasema. "Mimi nitakuwa nyuma yake tu. Usimguse mpaka nirudi."

Sikumgusa Ndama.

Nyumbani kwetu, mgeni akisemwa tu, mama anaanza kufua. Anafua mapazia ambayo hayajachafuka, anasugua sufuria mpaka mgongo, anaviamuru viti vitoke nje vioshwe miguu. Mgeni asikute vumbi. Vumbi ni aibu ya mwenye nyumba. Jumamosi asubuhi niliomba ufunguo kwa mwalimu, nikaingia chumba cha fizikia kufagia, na nilipomaliza kufagia nikaliona turubai. Nililiona kama ambavyo mama angeliona.

Nililiburuta mpaka bombani nyuma ya jiko. Nilitumia pakiti nzima ya sabuni ya unga na brashi ya viatu. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu, kisha ya kahawia, kisha ya maziwa. Mama mpishi wa shule alitoka na mwiko mkononi akanitazama.

"Mwanangu, hilo ni turubai au ni tembo unamwogesha?"

"Wageni wanakuja Jumatatu, mama."

"Basi sugua! Wasije wakasema Karatu hatuna maji."

Nikasugua mpaka vifundo vya vidole vikachubuka. Mstari wa rangi ya mafuta haukutoka hata kidogo, na hilo lilinipa furaha kubwa. Nililianika juu ya ua, upepo ukalikausha, na jioni nilipolitandika chumbani liling'aa kama shuka la altareni. Nilimfikiria Fundi akiingia Jumatatu na kuliona. Nilifikiria atakavyocheka. Daftari lilikuwa pale mezani, na ndani yake, kwa mwandiko wangu mzuri, ile ishirini yenye mistari miwili myekundu. Sikulifungua.

Jumatatu alichelewa. Gari alilopanda lilikwama getini kwa sababu ya ukungu, akafika shuleni saa nne wakati wageni wanashuka kwenye gari lao. Alikuja anakimbia, sweta limelowa mabegani, kibuyu cha maziwa mkononi, akapenya mlangoni akiwa na tabasamu ambalo sijaliona tena.

"Baba amekubali, kaniambia kwa mdomo wake," akasema. Kisha akaona chini.

Nilingoja acheke.

"Nani kafua?"

"Mimi! Unaonaje? Jumamosi nzima, angalia vidole."

Hakuangalia vidole. Aliweka kibuyu mezani, akapiga magoti, akamweka Ndama juu ya weupe ule na kusoma kioo. Nilimsikia akiitamka polepole kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Sabini na mbili."

Hapo ndipo nilipoelewa. Yeye hakuhitaji kunieleza, nami sikuhitaji kuuliza. Mwanga ukizidi sana, kata sana.

"Si neno," akasema haraka, na mikono yake ilikuwa tayari inatafuta waya wa kompyuta. "Ni namba moja tu. Dakika tano. Mtangazaji, waambie dakika tano."

Mlango ulikwaruza. Wageni wakaingia, mwalimu akiwa nyuma yao, amevaa koti la harusi yake. Yule mama mgeni alitazama sakafu na kusema kitu kwa mumewe, na mwalimu akatutafsiria kwa furaha: "Anasema hajaona darasa safi hivi safari yao nzima!"

Fundi alisema, "Mwalimu, naomba—"

"Tusiwacheleweshe wageni, binti."

Yule mzee mgeni akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele na karatasi ya hotuba. Akaniuliza kwa Kiingereza kama tuko tayari au tunahitaji muda. Aliuliza kwa upole. Hakuwa na haraka yoyote. Nimeurudia uso wake mara nyingi, sijawahi kuiona haraka ndani yake. Fundi Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu, cha taratibu, lakini hilo neno la muda alilielewa, maana nilimwona akiinua macho kunitazama. Macho yake yalikuwa yameshanishukuru.

Ningesema dakika tano. Lakini wangeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa turubai, na turubai lilikuwa limesifiwa muda huo huo. Na hotuba ilikuwa imenijaa kifuani, nimeikariri siku nne. Na mgeni hangojeshwi. Nina sababu nyingi. Nimezikusanya kwa miaka. Nilichosema kilikuwa kifupi.

"Tuko tayari," nikasema.

Fundi akauachia waya. Akabonyeza kitufe.

Ndama alikwenda mbele kiasi cha shubiri moja, kisha akakata kona kwa nguvu zote alizopewa, akavuka mstari, akakata tena, akaanza kuzunguka. Akazunguka palepale, mota zikilia, kama ng'ombe mwenye ugonjwa wa kichwa. Fundi alisimama mikono imening'inia. Mwalimu alikohoa.

Nami nikafungua mdomo. Hakuna aliyeniomba. Nikasema kwamba huyu ni ndama, na kule juu kwenye ukingo wa kreta ukungu umeshuka, na yeye ametengana na mama yake. Nikasema ndama aliyepotea hakimbii mbali, anazunguka mahali pamoja akisikiliza. Nikasema hata ng'ombe mkubwa haoni, anaijua njia kwa kwato. Maneno yalikuja yenyewe, mengine yangu, mengine ya Fundi, kwa Kiingereza kilichopangwa vizuri, na Ndama akazunguka kwa kufuata maneno yangu kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Yule mama mgeni alicheka, kisha akafuta macho. Mzee akapiga makofi. Nilimzima Ndama mimi mwenyewe, kwa kidole changu, nikainama kidogo kama msanii.

Walipelekwa chai chumba cha walimu. Tulibaki wawili. Fundi alichomeka waya, akabadilisha namba, akachomoa. Sikuwa na saa, lakini najua hazikufika dakika tano, maana maandazi yalikuwa bado yanapita dirishani kwenye sinia. Akamwachia Ndama. Ndama akapanda kutoka getini, akapinda alipotakiwa kupinda, akafika ukingoni, akageuka, akashuka mpaka chini, akasimama. Juu ya turubai jeupe alikuwa mzuri kuliko siku zote.

"Niwaite?" nikasema. "Nikimbie niwaite?"

"Wanakunywa chai," akasema. "Waache wanywe."

Mwalimu alirudi baadaye akiwa amelegeza tai. Aliniwekea mkono begani. "Mtangazaji, umetuokoa." Kisha, bila ukali, na nadhani hilo ndilo lililouma zaidi, akamwambia mwenzangu: "Fundi, Fundi. Siku zote hizi, ukashindwa leo? Ungekagua mapema."

Alisema, "Ndiyo, mwalimu."

Nilikuwa nimesimama katikati yao. Vidole vyangu vilikuwa bado na michubuko. Ilitosha kuvionyesha.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa, jina langu juu yake. Walisifu uwezo wa kueleza. Mama alilia kwa furaha, akafua nyumba nzima.

Arusha nilikaa miaka miwili katika shule yenye karakana, na karakanani niliingia mara chache. Maktaba ndiyo niliyoizoea. Huko ndiko nilikoanza kuandika hadithi, na watu wanaonisoma sasa huniuliza nilijifunza wapi. Hutaja vitabu na walimu. Sijawahi kutaja turubai. Lakini mara ya kwanza nilipoona kwamba maneno yakipangwa vizuri yanaweza kufunika jambo lililovunjika mpaka watu wakapiga makofi, ilikuwa pale, na niliyemfunika alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

Wanaopita huko juu wananiambia anafunga umeme wa jua, kutoka vijiji vya kwao mpaka Samunge, na kwamba taa alizofunga yeye haziharibiki. Wanaleta habari hiyo kama zawadi. Naipokea. Samunge si mwezini, gari zinakwenda, sijapanda.

Siku ya mwisho nilimkuta chumba kilekile, baada ya mtihani. Nilisikia tena ule mlio nikiwa koridoni, maharage kwenye ungo, na safari hii nilijua ni nini. Alikuwa anarudisha vitofali sandukuni, vidogo kwa vidogo, vikubwa kwa vikubwa. Ndama alikuwa ameshabomolewa. Jicho lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa.

"Kaka anaondoka kesho," akasema. "Atanipandisha kwanza mpaka getini, halafu mimi nyumbani."

"Nitawaandikia," nikamwambia. "Wale wageni. Nitawaambia ni mimi. Nafasi ni yako, watabadilisha."

Aliendelea kutenga vitofali.

"Waandikie," akasema. Hakuwa ananidhihaki. Aliniamini, alisema kama mtu anayemwambia mwenzake akachote maji, akijua atachota. Kisha akaniashiria daftari mezani. "Na hapo uandike arobaini. Ile ishirini ifute. Anayekuja baada yetu asije akahangaika."

Nilikata ile ishirini, nikaandika arobaini, nikaipigia mistari miwili. Ile barua niliianza mara tatu kabla shule haijafunguliwa. Mara ya tatu ilikuwa na mwanzo mzuri sana, kuhusu ukungu, nikaubakiza mwanzo ule kwa ajili ya hadithi.

Alifunga sanduku, akalisukuma chini ya meza, akachukua kibuyu chake kitupu. Alipitisha mguu kwenye turubai, akitazama alama ya vumbi iliyobaki, hafifu, ya kiatu chake. Vumbi lilikuwa limeshaanza kurudi.

"Haya, Mtangazaji. Tutaonana."

"Tutaonana, Fundi."

Ule mlango, miaka yote, sisi wote tuliuburuza. Yeye alishika kitasa kwa mikono miwili akiwa nje, akaunyanyua kidogo, kiasi cha unene wa kidole, akaufunga bila kukwaruza.